Mama, Tumbo Linaniuma

Dominika ya 13 ya Mwaka B
Somo la kwanza: Hek 1:13-15, 2:23-24. Somo la pili: 2 Kor 8:7, 9, 13-15. Injili: Mk 5:21-43

Wapendwa wasikilizaji, tunawasalimu nyote mnaotusikiliza Dominika hii ya leo: ninyi mlio Kibondo na Kasulu, ninyi wa Kakonko na Buhigwe, wenyeji na wageni, ninyi mnaojiandaa kwenda kanisani, na ninyi wagonjwa mlioshindwa kuinuka kitandani. Amani ya Bwana iwe nanyi.

Injili ya leo inatuonyesha baba mmoja. Jina lake ni Yairo, na cheo chake ni mkuu wa sinagogi. Ni mtu wa heshima, mtu ambaye wengine huinama wanapopita mbele yake. Lakini leo yeye ndiye aliyeanguka chini, mbele ya umati wote, miguuni pa Seremala wa Nazareti. Kwa nini? Kwa sababu binti yake ni mgonjwa. Mtoto akiugua, cheo cha mzazi hupoteza uzito wake. Mkuu wa sinagogi na mchunga mbuzi hulia kilio kimoja. Wahenga wetu walisema kweli: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Mwinjili Marko anatuambia umri wa binti yule, kwamba alikuwa na miaka 12. Anatuambia cheo cha baba yake. Lakini hatuambii binti yule aliugua nini. Ugonjwa wake haukupewa jina. Basi leo, kwa mwanga wa Injili hiyo, twapenda kuzungumza juu ya ugonjwa mmoja wa watoto ambao mara nyingi nao hukosa jina, nao huwanyima usingizi wazazi wengi wa nyanda zetu hizi. Ni maumivu ya tumbo yajayo na kuondoka, kisha yakarudi tena, wala hakuna awezaye kusema yanatoka wapi.

Tumfikirie mama mmoja. Hatumtaji jina, kwa maana akina mama wa namna yake ni wengi, na pengine wewe unayetusikiliza ni mmoja wao. Mtoto wake yuko darasa la tatu. Asubuhi, mama anapokoka moto, mtoto anakuja amejishika tumbo, penye kitovu, na kusema: "Mama, tumbo linaniuma." Mama anampapasa, mwili hauna joto. Anamwambia alale kidogo. Kufika saa nne mtoto anakimbia na wenzake nyuma ya nyumba kana kwamba hakuna lililotokea. Siku tatu zikipita, tumbo tena. Mama anampeleka zahanati. Anapimwa malaria, hakuna. Anapimwa choo, hakuna kitu. Dawa za minyoo alikwisha kuzimeza shuleni pamoja na wenzake. Wanarudi nyumbani. Juma la pili, tumbo tena.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Baba anasema: "Huyu anadanganya, anakwepa shule. Mpelekeni na fimbo." Bibi yake anasema: "Huo ni mchango, leteni mizizi nimchemshie." Jirani anamvuta mama kando na kumnong'oneza: "Mwenzangu, fungua macho. Mtoto huyu ametupiwa kitu." Na mama anabaki katikati ya sauti hizo tatu, usiku kucha akiisikiliza pumzi ya mwanawe.

Wapendwa, mzazi Mkristo afanye nini? Tujaliwe kuipata njia katika Injili yenyewe.

Jambo la kwanza: tumsadiki mtoto. Tazameni jinsi Bwana wetu alivyofanya njiani. Umati ulimsonga pande zote, na mwanamke mmoja akaugusa upindo wa vazi lake. Bwana akasimama na kuuliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi waliona swali hilo halina maana, kwani wote walikuwa wakimgusa. Lakini Bwana alijua kwamba katikati ya kelele zile kulikuwa na mtu mwenye maumivu ya kweli. Hakumdharau, wala hakumwona kuwa anamchelewesha. Alisimama, akamngoja, akamsikiliza mpaka akasema yote.

Mtoto asemaye kwamba tumbo linamwuma, aghalabu linamwuma kweli. Hilo si wazo letu tu. Mwaka 1958 mganga mmoja wa watoto huko Bristol, Uingereza, Dk. John Apley, pamoja na mwenzake Nora Naish, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto 1,000 wa shule. Walihesabu wale tu waliopatwa na maumivu ya tumbo mara tatu au zaidi katika muda wa miezi mitatu au zaidi, maumivu makali ya kutosha kumwachisha mtoto shughuli zake. Wakaona kwamba mtoto mmoja hivi katika kila kumi alikuwa na maumivu ya namna hiyo. Basi, mama wa Kasulu unayedhani mwanao yuko peke yake duniani, sivyo. Wapo watoto wa Wazungu, wenye maji ya bomba na maziwa kila asubuhi, waliojishika matumbo kama wako.

Tena Dk. Apley aliona kwamba kati ya watoto waliosumbuliwa hivyo, ni wachache sana, chini ya mmoja katika kumi, waliokutwa na ugonjwa wa mwili uwezao kuonekana kwa vipimo. Je, wengine walikuwa waongo? La hasha. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Tumbo na moyo wa mtoto zimeunganishwa kwa nyuzi nyembamba, na hofu ikiuvuta uzi wa moyo, tumbo ndilo linalojikunja. Lakini jambo hili tutalirudia baadaye, kwa kuwa kuna hatua nyingine inayopaswa kutangulia.

Jambo la pili: tumpeleke mtoto penye msaada wa kweli, na mapema. Yairo hakukaa nyumbani akingoja aone. Wala hakuona aibu. Alitoka, akatafuta, akaomba mbele za watu. Hesabu za Bristol ni za nchi ambayo minyoo na homa ya matumbo ni vitu adimu. Sisi hatuishi Bristol. Hapa kwetu hatuna ruhusa ya kusema "ni wasiwasi tu" kabla hatujapita penye mlango wa zahanati.

Tunavijua vitu viwezavyo kuliumiza tumbo la mtoto wa huku. Kuna mchango, yaani minyoo ya mviringo, ambayo jike lake mmoja huweza kutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku moja. Na mayai hayo hungoja katika udongo wa shamba lililochafuliwa kwa choo, mpaka mkono wa mtoto uyachukue na kuyapeleka mdomoni. Kuna safura, mnyoo mdogo aingiaye kwa ngozi ya mguu usio na kiatu, akashikamana na utumbo na kunywa damu, hata mtoto akapauka viganja na kuchoka bila sababu. Kuna kichocho kwa watoto waogao katika maji yaliyotuama na kando ya ziwa. Kuna amiba, na homa ya matumbo itokanayo na maji yasiyochemshwa. Kuna ugonjwa wa mkojo, hasa kwa wasichana. Kuna selimundu, ambayo mtoto huzaliwa nayo. Na kuna jambo la kawaida kabisa ambalo wengi hulisahau: kufunga choo. Mtoto anayeona kinyaa au hofu kuingia choo cha shule hujizuia kutwa nzima. Choo kinakuwa kigumu, na tumbo linamnyonga. Dawa yake ya kwanza ni maji, matunda, mboga, na choo safi chenye mlango.

Dawa za minyoo zinazogawiwa shuleni ni neema kubwa. Msiwazuie watoto kuzipokea. Lakini mtoto aliyezimeza leo, kisha akala embe kwa mikono yenye udongo, aweza kuyaokota mayai mengine juma hilohilo. Dawa bila choo na bila sabuni ni sawa na kuteka maji kwa tenga.

Sasa, akina baba na akina mama, shikeni vema alama zifuatazo, na ninyi makatekista ziandikeni mpate kuwasomea watu katika jumuiya. Mtoto akiwa na mojawapo ya alama hizi, asingoje. Apelekwe kwa mganga wa hospitali. Maumivu yanayomwamsha usingizini. Kukonda, au kuacha kukua. Damu katika choo, au choo cheusi kama lami. Kutapika mara kwa mara, na hasa matapishi ya kijani. Kuhara kusikokoma. Homa isiyoeleweka. Macho kuwa ya manjano. Maumivu au damu wakati wa kukojoa. Maumivu yanayokaa mahali pamoja mbali na kitovu, hasa upande wa kulia chini. Na kama tumbo limevimba na kuwa gumu kama ubao, mtoto hataki kuguswa, wala hatoi choo wala upepo, basi hiyo si habari ya kesho asubuhi. Ni habari ya usiku huohuo, hata kama ni kwa bodaboda. Zahanati ikiona vigumu, itawapa barua ya kwenda mbele, Hospitali ya Wilaya ya Kibondo, au Kabanga hospitali ya jimbo letu la Kigoma, au nyingine iliyo karibu. Nendeni. Barua ile si ya kuwekwa juu ya dari.

Na ukifika mbele ya mganga, mweleze. Maumivu yalianza lini? Huja saa ngapi? Mtoto amekula nini? Choo chake kikoje? Mama ajuaye kujibu maswali hayo amekwisha kufanya nusu ya kazi ya mganga. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anatufundisha tumheshimu mganga na tusidharau dawa, kwani Mungu ndiye aliyeitoa katika ardhi. Na hapohapo anatuagiza tukiugua tusiache kusali. Mambo hayo mawili hayagombani. Anayekuambia utupe vidonge ili kuonyesha imani yako, huyo hakufundishi imani ya Kanisa.

Jambo la tatu, wapendwa, ni zito, nasi tunaomba mtuvumilie. Injili inatuambia kwamba yule mwanamke aliyeugusa upindo alikuwa ameteseka miaka 12 mikononi mwa watu wengi waliojidai kumponya. Ametumia mali yake yote, wala hakupata nafuu, bali alizidi kuwa mbaya. Marko aliandika habari hiyo zamani sana, lakini ni nani kati yetu asiyemjua mwanamke huyo? Ugonjwa usio na jina ni soko kubwa. Mzazi aliyekata tamaa hununua chochote.

Hatuwasemi vibaya bibi zetu wanaojua majani. Chai ya mchaichai haijamwua mtu. Lakini yako mambo ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Wapo watu wanaowachanja watoto chale tumboni kwa wembe uliotumika kwa wengine. Wapo wanaowakata watoto kimeo kwa kisu kisichochemshwa. Wapo wanaowang'oa watoto wachanga machipukizi ya meno kwa kusema kwamba ni "meno ya plastiki" yaletayo homa na kuharisha. Ndugu, hakuna meno ya plastiki. Ni meno ya mtoto aliyopewa na Muumba wake, yangali chini ya ufizi. Mtoto yule aliyekuwa akiharisha tu, sasa ana kidonda kinywani, hawezi kunyonya, na damu inamtoka. Maumivu ya tumbo hayakuondolewa, yameongezewa mengine.

Na liko jambo lililo baya kuliko wembe. Ni kumtafuta wa kumlaumu. Jirani anaponong'oneza kwamba mtoto ametupiwa kitu, swali linalofuata ni lipi? Ni nani aliyemtupia? Na jibu la swali hilo karibu kila mara humwangukia mtu mmoja: bibi kikongwe anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu. Macho yake yamekuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni wa miaka 50, akiwapikia watoto ambao leo wamemwacha. Katika miaka ya 2020 vijiji vya mkoa wetu wa Kigoma vimetembelewa na makundi yaitwayo kamchape au rambaramba, watu wanaojidai kuwafichua wachawi. Wanakijiji huchangishwa fedha, nyumba huchimbwa, jina la mtu hutajwa hadharani. Wakiondoka, wanaondoka na fedha, chuki wanaiacha. Na mtoto? Mtoto angali anajishika tumbo.

Sheria ya nchi yetu juu ya uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inahesabu kuwa ni kosa kumtaja mtu kuwa ni mchawi ovyo kijijini. Lakini sisi Wakristo tuna sababu kubwa kuliko sheria. Somo la kwanza la leo, kutoka Kitabu cha Hekima, linatufundisha kwamba Mungu siye aliyefanya mauti, wala hafurahii kupotea kwa walio hai. Mauti iliingia ulimwenguni kwa wivu wa Ibilisi. Twauliza basi: Ibilisi ameingia kwa mlango gani katika nyumba ile? Katika tumbo la mtoto? Au katika ulimi wa aliyenong'ona, na moyo wa aliyekubali? Mtoto anayeambiwa kwamba bibi fulani anamla usiku hapati dawa. Anapata hofu mpya, na hofu hiyo, kama tutakavyoona sasa, hushuka moja kwa moja tumboni.

Jambo la nne: tuketi na mtoto, tumsikilize. Tuseme mzazi amekwenda hospitali, vipimo vimefanyika, alama za hatari hazipo, mganga amesema haoni ugonjwa. Wengi wanaposikia hivyo hukasirika, au hurudi na kumpiga mtoto. Wapendwa, mganga hakusema kwamba mtoto ni mwongo. Amesema kwamba kitu kinachomwuma hakionekani kwa darubini. Sasa ni zamu ya mzazi kutafuta, na chombo chake ni sikio.

Lugha yetu yenyewe ililijua jambo hili kabla ya waganga wa Bristol. Mtu mwenye hofu tunasema anakaa tumbo joto. Neno letu uchungu ni moja, la mwili na la moyo. Mtu mzima mwenye huzuni aweza kusema: "Nina mawazo." Mtoto wa miaka minane hana maneno hayo. Ana neno moja analolijua, ambalo likisemwa mama huacha kazi na kugeuka: tumbo.

Watu wa nyanda hizi hatuna haja ya kufundishwa sana habari za hofu za watoto. Tulimwona mtoto wa Burundi akivuka mpaka mwaka 1993, baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye. Tulimwona mtoto wa Kongo mwaka 1996, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa huko Kasulu. Tukamwona tena mtoto wa Burundi mwaka 2015, kambi ya Nduta huko Kibondo ilipofunguliwa upya. Waliowahudumia watoto wa vita mahali pengi duniani wanajua kwamba watoto hao hulalamika mara nyingi kuumwa kichwa na tumbo, hata pale vipimo visipoonyesha kitu. Mtoto ameona jambo lisilotamkika. Mdomo umefunga, tumbo linasema.

Lakini hata mtoto asiyewahi kuvuka mpaka wowote aweza kuwa na vita vyake. Pengine ni vya nyumbani: baba anarudi amelewa, na usiku mtoto anayasikia yote akiwa chini ya shuka. Pengine baba na mama hawasemeshani, na mtoto anadhani ni kosa lake. Pengine bibi aliyemlea amefariki, watu wazima wakafanya matanga, wakamaliza, wala hakuna aliyemwambia mtoto bibi amekwenda wapi. Pengine ni shuleni: hesabu haziingii, fimbo inamngoja, au wakubwa wanampora njiani. Angalieni ratiba ya maumivu. Je, tumbo huuma Jumatatu na kupona Jumamosi? Je, huuma likizoni? Je, huuma anapotumwa nyumba fulani? Tumbo la mtoto lina kalenda yake, na mzazi mwenye busara huisoma.

Na hapa tunasema neno gumu, kwa heshima ya watoto wanaotusikiliza. Yako maumivu ya tumbo ambayo sababu yake ni mtu mzima anayemgusa mtoto isivyofaa na kumtisha asiseme. Aweza kuwa mgeni. Mara nyingi ni mtu anayefahamika nyumbani. Mtoto akikueleza jambo la namna hiyo, usimfokee, usimwulize kwa nini hakusema mapema, wala usilimalize kwa mbuzi na pombe ya usuluhishi. Mpeleke hospitali, na ulifikishe kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Iko pia namba ya simu ya kuwasaidia watoto, 116. Heshima ya ukoo haijengwi juu ya machozi ya mtoto.

Mtasema: "Padre, mtoto wangu nikimwuliza, ananyamaza." Ndiyo. Mtoto hahojiwi kama mshitakiwa. Mchukue mkachambue maharage pamoja. Nenda naye kuteka maji. Mikono ikiwa kazini na macho yasipokutana, ulimi hulegea. Mwulize: "Leo mlicheza na nani?" Kisha nyamaza, ungoje. Bwana alimngoja yule mwanamke, ingawa Yairo alikuwa na haraka na binti alikuwa akikata roho. Hata akina baba, kazi hii ni yenu pia. Marko anatuambia kwamba Bwana aliingia chumbani mwa binti pamoja na baba na mama. Wote wawili.

Na tazameni alilofanya kabla ya kuingia. Aliwakuta watu wakipiga kelele na kuomboleza. Alipowaambia neno la tumaini, walimcheka. Basi aliwatoa nje wote. Mzazi naye ana haki, tena ana wajibu, ya kuzitoa nje kelele: sauti ya anayemcheka mtoto kuwa ni mvivu, sauti ya anayemtaja mchawi, sauti ya anayesema hakuna haja ya kuhangaika tena. Nyumba ikitulia, mtoto hushikwa mkono. Usiseme mbele yake kila siku kwamba ugonjwa wake umekushinda. Mwambie: "Najua linauma. Mganga ametazama, na hakuna kitu cha kukuua. Twende shule pole pole. Mimi nitakusindikiza mpaka mtoni." Maneno hayo ni dawa, nayo hayauzwi.

Jambo la tano linatuhusu sote tusio wazazi wa mtoto huyo. Katika somo la pili Mtume Paulo anawaomba Wakorintho kwamba wingi wa wengine uzibe upungufu wa wengine, ili pawe na usawa. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, katika AMECEA, waliazimia mwaka 1976 kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji. Tuulizane basi: katika jumuiya yetu, mama mwenye mtoto mgonjwa akikosa nauli ya kwenda Kabanga au Kibondo, tunajua? Tukikutana juma hili, kabla ya kufunga sala, katekista aulize: ni nani ana mtoto anayesumbuliwa? Atakayemsindikiza nani? Watoto wadogo waliobaki watalala kwa nani? Shamba lake nani atalipalilia siku hizo mbili? Na yule bibi kikongwe aliyenong'onewa vibaya, jumuiya iende ikasali rozari nyumbani kwake, mbele ya macho ya kijiji kizima.

Nanyi wazazi, mleteni mtoto kwetu mapadre pia, tumwombee na kumbariki. Na kama amefikia umri wa kupambanua mambo, naye yu katika ugonjwa wa hatari, msiogope kuomba Mpako wa Wagonjwa. Sakramenti hiyo si hati ya kifo.

Wapendwa, tumalizie pale Injili inapomalizikia. Binti ameinuka, anatembea chumbani. Watu wamestaajabu mno. Tungetazamia kwamba Bwana sasa atahubiri juu ya muujiza ule. Hakufanya hivyo. Aliwaagiza wazazi wampe mtoto chakula.

Yeye aliyeishinda mauti alikumbuka kwamba mtoto aliyelala mgonjwa ana njaa. Nasi tunapotafuta sababu zilizo mbali, tusiisahau iliyo karibu. Wako watoto wetu wanaotembea kilomita nyingi kwenda shule bila kutia kitu kinywani, wakarudi saa tisa bila kutia kitu kinywani. Saa nne tumbo linanyonga. Mwalimu anadhani ni uvivu, jirani anadhani ni uchawi, kumbe ni njaa. Nchi yetu hii ya maharage, mahindi, mihogo na ndizi si nchi ya kumwacha mtoto aende na tumbo tupu. Bakuli la uji asubuhi, maharage na mahindi yanayochangwa na wazazi kwa chakula cha shuleni, maji yaliyochemshwa, mikono iliyonawiwa kwa sabuni. Mambo hayo ni madogo, nasi tumeyasikia mara nyingi hata yanatuchosha. Lakini ndiyo aliyoyaamuru Bwana wa uzima mara tu baada ya muujiza wake.

Kesho ni Jumatatu. Yamkini katika nyumba fulani, moto ukiwa umewashwa, mtoto atakuja amejishika tumbo. Mzazi mpendwa, acha kidogo unachokifanya. Geuka. Msikilize.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyemsikiliza Yairo akilia kwa ajili ya binti yake, wasikilize wazazi wote wa Kibondo na Kasulu wanaokesha usiku huu kando ya watoto wao. Wape waganga na wauguzi wetu maarifa na huruma. Ziondoe katika vijiji vyetu chuki na hofu. Na watoto wanaoumia bila kujua waseme nini, uwape mtu mmoja wa kusimama na kuwangoja. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mungu awabariki nyote, awape Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!